Kompyuta haizeeki, inalemewa

Jamani, leo nasema jambo ambalo huenda likawakera wauzaji wachache. Ile kompyuta ya mezani unayotaka kuitupa kwa sababu "imezeeka" haijazeeka. Imelemewa tu, na mara nyingi dawa yake ni kipande kimoja, si mashine mpya.

Nazijua mashine zenyewe: Dell OptiPlex au HP ya ex-UK, RAM ya GB 4, diski ya GB 500. Unaiwasha, unakwenda kuteleka chai, ukirudi bado kiduara kinazunguka. Mtoto anangoja kuchapa kazi ya shule, mama anangoja hesabu za duka. Fundi anaitwa, anafomati, na kwa wiki mbili inakwenda mbio. Kisha yarudi yale yale, na fundi analipwa tena.

Prosesa haichakai kama tairi. Kasi iliyokuwa nayo 2014 ndiyo iliyo nayo leo, maadamu haichemki. Kilichozidi ni mzigo: kivinjari, antivirusi, masasisho, kurasa za intaneti zilizojaa video.

Kwa hivyo usibahatishe, pima. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Mashine ikiwa imekwama, angalia diski na prosesa. Ukiona diski iko asilimia 100 na prosesa imekaa asilimia 15, mchawi umempata.

Sababu yake ni hesabu ya darasa la sita. Diski ya kuzunguka ina sahani na kichwa cha kusomea, kama santuri na sindano yake. Sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kichwa kusogea na kungoja sahani ifike penye faili huchukua kama milisekunde 12. Basi ni safari 80 hivi kwa sekunde. Windows ikitaka vipande 5,000 vilivyotawanyika, dakika nzima imekwisha! SSD haina kinachozunguka. Safari hiyo hiyo huchukua sehemu ndogo tu ya milisekunde moja.

Ndiyo maana nasema: shilingi ya kwanza iende kwenye SSD. GB 240 zatosha kwa Windows na programu. Diski ya zamani ibaki ndani kwa picha na muziki. Nakili kazi zako kwanza kabla ya kugusa chochote. Shilingi ya pili iende kwenye RAM, ifike GB 8, maana RAM ikijaa Windows huhamishia mzigo diskini. Hakikisha tu aina ya RAM, DDR3 na DDR4 haziingiliani.

La tatu ni bure. Sisi tunakaa kando ya hori la Kilifi, hewa ina unyevu na chumvi, na vumbi hugandia kwenye feni. Prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Chomoa umeme, fungua, piga brashi laini kavu.

Na zile programu za "kusafisha na kuharakisha kompyuta"? Ziondoe. Nyingi hujiwasha pamoja na Windows na kuwa mzigo mwingine.

Sasa kuna wanaosema, "Lakini Windows 10 imekwisha." Kweli, Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 pamoja na prosesa mpya. Kwa Intel, kwa jumla ni kuanzia kizazi cha nane, kilichotoka 2017. Mashine isiyopata marekebisho ya usalama si ya kufanyia mambo ya benki. Lakini hiyo ni sababu ya kubadili programu, si ya kutupa chuma. Weka Linux Mint ya Xfce. Ni bure, huja na LibreOffice inayofungua faili za Word, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu. Kama kazi yako inategemea programu ya Windows peke yake, ijaribu kwanza kabla ya kuhama.

Sisemi kila mashine iokolewe. Kama ni Pentium 4, au kapasita za ubao mama zimefura, usiizike pesa humo. Lakini mashine ya Core i3 au i5 ya miaka kumi bado ina nguvu za kumtosha mwanafunzi wa sekondari. SSD na RAM vitakugharimu sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya. Kitakachobaki, lipia karo.

Haya, fungueni Task Manager leo jioni, mtazame ile asilimia ya diski kabla ya kumwita fundi.