Fegi Moja kwa Chenji ya Nauli

Jioni moja karibu na Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, mhubiri mwenye spika inayokwaruza alitangaza kwamba mtoto aliyelelewa vizuri havuti sigara. Wazazi waliotoka Kariakoo na mizigo yao wakaitikia kwa kuridhika, maana kila mmoja anaamini anayevuta ni mtoto wa jirani.

Maneno matamu, na ni upuuzi mtupu.

Wakati huohuo muuza sigara alikuwa akipenya katikati ya wasikilizaji, anachezesha sarafu kiganjani, kisanduku chake kimejaa pipi, bigijii, karanga na pakiti zilizokwisha kufunguliwa. Kijana mwenye begi la shule hahitaji malezi mabaya ili anunue hapo. Anahitaji chenji ya nauli. Anapewa fegi moja, anawashia kiberiti cha muuzaji mwenyewe, na kwenye kisanduku hichohicho anachagua pipi ya kuua harufu kabla hajafika kwao. Huduma kamili!

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Nani amewahi kusikia mtu akiulizwa umri Mtaa wa Msimbazi? Onyo la afya nalo limechapwa kwenye pakiti, ambayo mnunuzi wa moja moja wala haishiki. Pakiti ya sigara 20 ingemshinda bei. Moja haimshindi, kesho moja tena, na nikotini haiulizi kama baba yake ni mzee wa kanisa au imamu.

Watetezi wa biashara hii wanasema uuzaji wa moja moja ukizuiwa machinga watalala njaa. Kumbe karanga zile ni pambo! Na huruma hiyo huwa wapi mgambo wanapopakia sufuria za mama lishe kwenye gari?

Dar es Salaam inapenda vita vya kishindo. Mwaka 2016 Mkuu wa Mkoa, Paul Makonda, alipiga marufuku shisha, ikawa gumzo la mji. Mwanafunzi wa Gerezani, asiye na pesa ya shisha, alibaki na fegi yake. Majirani waliilenga fegi yenyewe: Kenya mwaka 2007 na Uganda mwaka 2015 zilikataza kisheria kuuza sigara moja moja; Uganda ikaweka na umri wa kuuziwa kuanzia miaka 21.

Wakubwa wa jiji waache kusubiri mahubiri. Sigara iuzwe kwa pakiti nzima, dukani, na anayemuuzia mtoto anyang'anywe leseni.