Mtoto mlemavu atafutwe, asingojewe

Msomaji, tuseme unaishi Endebess na mtoto wako wa miaka miwili haitikii unapomwita. Jirani anakutuliza, anasema hata mjomba wake alichelewa kusema. Mahindi yanataka palizi, nauli ya kwenda Kitale si haba, na baba watoto ameshasema mngoje kwanza. Mnangoja. Mtoto anapofika miaka saba, mwalimu ndiye anayegundua kwamba hasikii. Ile miaka ambayo binadamu hushika lugha kwa urahisi imepita, na mtoto hana neno, si la mdomo wala la ishara.

Watu wanapolinganisha elimu ya watoto walemavu katika nchi mbalimbali, huanza kwa kuhesabu shule na vyuo. Kwa hesabu hiyo Kenya haina haja ya kuinamisha kichwa. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya vipofu Thika mwaka 1946. Shule ya viziwi ya Mumias, ambayo si mbali na Bungoma, ilianza mwaka 1961. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, serikali ilianzisha vituo vya kuwachunguza watoto na kuwaelekeza shuleni, na mwaka 1986 chuo cha KISE kikaanzishwa Nairobi kuwafunza walimu wa elimu maalum. Waingereza, ambao tumezoea kuwaiga, mpaka ilipopitishwa sheria ya 1970 walikuwa wakiwahesabu baadhi ya watoto wao kuwa hawafundishiki, na kuwafungia mlango wa shule.

Lakini kipimo changu ni kingine. Nauliza: ni nani anayetakiwa kumtafuta mwenzake, mzazi au serikali?

Marekani ilijibu swali hilo mwaka 1975. Bunge lao lilikiri kwamba watoto milioni moja walemavu walikuwa wameachwa nje kabisa ya shule za umma. Sheria iliyopitishwa haikuishia kusema kila mtoto ana haki ya kusoma. Ilizilazimisha serikali za majimbo kuwatafuta watoto hao, kuwachunguza, na kumwandikia kila mmoja mpango wake wa masomo ambao mzazi anashiriki kuutunga. Mwaka 1986 mpango wa kuwahudumia watoto wachanga ukaongezwa. Msidhani kwamba huko mambo yote ni shwari. Serikali kuu yao iliahidi kulipa hadi asilimia 40 ya gharama ya ziada, na haijapata kuitimiza ahadi hiyo. Hata hivyo mzazi asipotafutwa ana sheria ya kushika mkononi.

Italia nayo ilivunja madarasa ya kuwatenga walemavu mwaka 1977, wote wakasoma pamoja, na mwalimu wa ziada akawekwa kusaidia. Mimi siamini kwamba dawa hiyo ingetufaa yote. Ukimweka kiziwi katika darasa la watoto sabini ambamo hakuna ajuaye ishara, umemfungia peke yake katikati ya watu.

Jirani zetu ng'ambo ya Lwakhakha wana somo lililo karibu zaidi. Uganda ilipoanza elimu ya msingi bila karo mwaka 1997, ilikubali watoto wanne kwa kila jamaa, na ikaagiza kwamba mlemavu apewe nafasi kwanza. Mtoto aliyekuwa akifichwa nyumba ya nyuma akawa ndiye wa kwanza kuandikishwa. Walimu waliomudu kazi hiyo hawakutosha, hilo linajulikana, lakini agizo hilo lilibadili mazungumzo ya mume na mke nyumbani.

Sisi tulipofuta karo mwaka 2003, kila mwanafunzi alitengewa shilingi 1,020 na mlemavu akaongezewa 2,000. Jambo jema. Ila fedha hizo humfuata mtoto aliyekwisha kufika shuleni. Yule wa Endebess hazimjui.

Hata hesabu zetu hazimjui. Sensa ya 2019 iliuliza habari za ulemavu kwa watu wa miaka 5 na zaidi, ikapata asilimia 2.2, ilhali Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu sita duniani mmoja ana ulemavu. Walio chini ya miaka 5, ambao ndio hasa wangefaidika kwa kupatikana mapema, hawakuulizwa kabisa. Wazee husema udongo uwahi ungali maji. Utauwahije usipojua uliko?

Na kumpata si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Mama wa Chwele au Kiminini humpeleka mtoto kliniki kwa chanjo mara nyingi kabla hajatimiza miaka miwili. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019, Bungoma ikiwamo, watoto walitafutwa kwa njia hiyo hiyo. Malaria ikipanda ubongoni huweza kumwachia mtoto ulemavu. Vivyo hivyo uti wa mgongo, manjano kali ya mtoto mchanga, na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Muuguzi huyaona hayo yote. Kwa nini basi habari haifiki kwa mwalimu?

Sababu ni ofisi. Tangu 2013 kliniki na shule za chekechea ni za serikali ya kaunti, ilhali shule za msingi na vituo vya kuchunguza watoto viko chini ya wizara ya elimu Nairobi. Kadi ya ulemavu nayo ina safari yake ya hospitali. Mzazi hubeba faili lake kutoka mlango hadi mlango. Magavana wa Bungoma na Trans Nzoia hawahitaji sheria mpya ili kumketisha mwalimu mchunguzi kliniki siku moja ya juma.

Wakati hilo likisubiriwa, wewe usisubiri. Mtoto wa miezi mitatu asiyeshtuka kwa kishindo, wa miezi tisa asiyeweza kuketi hata akisaidiwa, au wa mwaka na nusu asiyetembea, mwoneshe muuguzi siku ya chanjo. Mwombe aandike alichokiona katika kijitabu cha kliniki, na usiondoke kabla hajakuandikia barua ya kituo cha kuchunguza watoto. Ukiulizwa kwa nini umemleta akiwa mdogo hivyo, sema ndio umri wake.