Waondokao na Wabakio

Mwezi uliopita tulihudhuria maziko katika kijiji kimoja kando ya mto Lomami, mbali kidogo na Opala. Marehemu alikuwa mama wa watu. Kwa miaka mingi waimbaji wa kwaya walifanya mazoezi yao uani kwake, naye hakuwaacha warudi makwao na njaa. Kwa hiyo tulitazamia kwamba siku ya kumzika nyimbo zitakuwa nzuri.

Kumbe kwaya ile ilikuwa imegawanyika tangu Pasaka. Vijana kumi na mmoja walikuwa wametoka wakachukua gitaa, wakajiita kwaya mpya. Wazee walibaki na lokole, na daftari la nyimbo, na uchungu. Kaburini makundi mawili yakasimama mbalimbali, hili kuume, lile kushoto. Wazee walikuwa na sauti nzito bila sauti nyembamba. Vijana walikuwa na sauti nyembamba bila sauti nzito. Padre akangoja. Hapana aliyetaka kuanza, wala hapana aliyetaka kumfuata mwenzake. Mwisho jeneza likashushwa watu wakiwa kimya, na yule mama aliyewalisha wote akaingia udongoni pasipo wimbo hata mmoja.

Baada ya maziko mwalimu wa kwaya alitushika mkono akasema, “Mwalimu, wale watoto ni wezi. Kwaya ni yetu, sisi ndio nkolo mboka.” Nao vijana walitujia jioni. Mkubwa wao akasema kwa heshima, “Baba Mwalimu, sisi hatukuiba. Tuliomba kusikilizwa, hatukusikilizwa. Je, sisi si jamaa ya Mungu?”

Wasomaji wapenzi, maneno hayo mawili hayakututoka moyoni njia nzima tulipokuwa tukirudi. Nkolo mboka, yaani mwenye mji. Na jamaa ya Mungu. Kwa maana yamekwisha kushindana hivyo hivyo mahali pengine, tena mbele ya nchi nzima. Yafaa tuwasimulie habari hiyo, ingawa ni habari ya okestra ya dansi wala si ya kwaya ya kanisa. Mwenye hekima huokota kuni hata katika msitu asioupanda.

Tarehe 24 Desemba 1969, mkesha wa Noeli, vijana wa Kinshasa waliunda okestra wakaiita Zaïko Langa Langa. Ilitoka katika mabaki ya kundi lingine lililovunjika, jina lake Bel Guide National. Basi hata kuzaliwa kwake kulikuwa mtengano. Jina Zaïko huelezwa kuwa ni kifupi cha maneno “Zaïre ya Bankoko”, yaani Zaire ya mababu. Wakati ule nchi yetu ilikuwa bado yaitwa Kongo. Ilipogeuzwa jina tarehe 27 Oktoba 1971 ikaitwa Zaire, okestra ilikuwa imekwisha kulichukua jina hilo karibu miaka miwili. Na mwaka 1997 nchi ilipoliacha, okestra haikuliacha.

Vijana hao waligeuza mambo. Okestra za wakubwa wao, kama OK Jazz ya Franco iliyoanzishwa mwaka 1956, zilipiga tarumbeta na saksafoni. Zaïko waliziweka kando. Wakatia nguvu magitaa, na waimbaji wengi wa mbele, na ngoma za kizungu ambazo kwetu huitwa batri. Mpiga batri wao, Meridjo Belobi, alitoa mpigo mpya ulioitwa kavasha. Yasimuliwa kwamba waliupata safarini, wakisikiliza magurudumu ya treni katika nchi ya Brazzaville. Mpigo huo ulivuka mipaka ukafika Kenya na Tanzania, na wapigaji wa huko wakaufanya wao.

Wazee wa muziki hawakukosa kunung’unika. Walisema hao ni watoto wapiga kelele. Twaomba msomaji alikumbuke neno hilo, kwa sababu kila kizazi hulisema, na kila kizazi husahau kwamba chenyewe kiliambiwa hivyo hivyo.

Basi, okestra ilipoanza kupata sifa, mwaka 1974 ikapasuka. Waimbaji Papa Wemba, Evoloko, Mavuela na Bozi Boziana waliondoka, wakaunda kundi la Isifi Lokole. Angalieni jina hilo: walipohama walibeba lokole, ile ngoma ya mti uliochongwa ndani, ambayo kwetu Tshopo ilipeleka habari mtoni na msituni kabla ya simu. Mwaka uliofuata baadhi yao wakatoka Isifi wakaunda Yoka Lokole. Mwaka 1977 Papa Wemba akaunda Viva la Musica, na humo akapata kujulikana kijana aliyezaliwa Kisangani mwaka 1956, ambaye leo kila mtu amjua kwa jina la Koffi Olomide. Hivyo tawi lilizaa tawi.

Wengi walidhani Zaïko imekufa. Haikufa. Wale waliobaki, akiwamo mwimbaji Jossart N’Yoka Longo, waliwatafuta vijana wengine wakawafundisha. Tena, jambo kubwa kuliko yote, mlango haukufungwa kwa ufunguo. Kabla ya miaka ya 1970 kwisha, Evoloko na Bozi Boziana walirudi Zaïko, wakapokewa, wakaimba tena na wale waliowaacha.

Hatuwafanyi watu hao kuwa watakatifu. Mwaka 1980 mpiga gitaa wao mkuu, Manuaku, aliondoka akaunda Grand Zaïko Wawa. Mwaka 1981 Evoloko na Bozi wakaondoka tena, likazaliwa kundi la Langa Langa Stars. Kila mara waliobaki walilazimika kuanza upya. Mwanzoni mwa miaka hiyo waliwaita vijana wa kundi moja la ngoma za asili, lililozoea kupiga kwenye matanga ya Kinshasa; nao wakaleta zile sauti za kuhimiza wachezaji zinazoitwa atalaku, neno la Kikongo lenye maana ya “tazama hapa”. Leo karibu hapana okestra ya Kongo isiyo na atalaku wake. Kumbe upya ule ulitoka kwa watu wa matangani, ambao wenye suti nzuri hawakuwahesabu kuwa wanamuziki. Mwaka 1986 Zaïko walikwenda kupiga mpaka Ujapani.

Ndipo ukaja mwaka 1988, na mtengano mkubwa kuliko yote. Bimi Ombale, Ilo Pablo, Lengi Lenga na wenzao walijitenga, nao wakachukua jina la Kilatini: Zaïko Langa Langa Familia Dei, ndiyo kusema Jamaa ya Mungu. Waliobaki na N’Yoka Longo wakajibu kwa jina la Kilingala: Zaïko Langa Langa Nkolo Mboka, Wenye Mji. Pande zote mbili zilidai jina moja la mama, kila upande ukiwa na hoja zake, na wasikilizaji wakagawanyika hata ndani ya nyumba moja.

Twaulizana: nani alikuwa na haki? Anayesema “mimi ni mwenye mji” asema kweli, kwa kuwa alikuwapo, alivumilia jua na mvua. Lakini mji si mali ya mtu mmoja, na mwenye mji asiyekaribisha mgeni atabaki na nyumba tupu. Anayesema “sisi ni jamaa ya Mungu” naye asema kweli. Lakini jamaa ya Mungu haijulikani kwa jina liandikwalo juu ya bango. Hujulikana kwa kuchukuliana mizigo. Zaïko iliyobaki iliadhimisha miaka hamsini mwaka 2019, N’Yoka Longo angali mbele. Familia Dei haikufikia umri huo. Hata hivyo tusiseme kwamba Mungu aliwachagua wale akawatupa hawa. Tuseme tu kwamba jina zuri peke yake halimlishi mtu.

Tena kubaki peke yake hakutoshi. Franco wa OK Jazz hakuna aliyemshinda kwa nguvu, naye aliiongoza okestra yake mpaka alipofariki mwaka 1989. Lakini alikuwa ndiye nguzo ya kati. Nguzo ilipoanguka, paa halikukaa. Mwaka 1993 okestra ilivunjika, na wengi wa wapigaji wake wakaanza maisha mapya kwa jina la Bana OK, watoto wa OK. Kumbe kundi hufa kwa njia mbili: kwa kuondokewa na wengi, na kwa kumtegemea mmoja.

Labda msomaji atatuuliza: Je, Mkristo ana haki ya kuondoka? Tufungue kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 15. Paulo na Barnaba, watakatifu wote wawili, waligombana juu ya Marko. Paulo hakutaka kumchukua kijana aliyewahi kuwaacha njiani. Barnaba alitaka kumpa nafasi ya pili. Ugomvi ukawa mkali wakaachana. Barnaba akasafiri na Marko kwenda Kipro, Paulo akamchukua Sila akapita Siria na Kilikia. Maandiko hayakuuficha ugomvi huo. Lakini miaka ikapita, na Paulo akiwa mfungwa, katika waraka wake wa pili kwa Timoteo aliomba aletewe Marko yule yule, kwa kuwa alimwona anafaa kwa kazi. Mzee alibadili neno lake juu ya kijana. Nasi twaamini kwamba kijana huyo ndiye aliyetuandikia Injili. Kama Barnaba naye angalimfungia mlango, tungalipata hasara gani!

Basi kuondoka si dhambi yenyewe. Dhambi ni kuondoka kwa matusi, na dhambi ni kubaki kwa laana. Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune. Walijua kwamba ugomvi wa ndugu una mwisho, na kwamba aliyeingia katikati kuchochea moto ndiye atakayebaki na aibu.

Tena gitaa na lokole si maadui. Katika mwaka ule ule wa 1988 ambapo Zaïko waligawanyika, Roma iliidhinisha kitabu cha Misa ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire. Ilikuwa kazi ya maaskofu wetu kwa miaka mingi, na mtetezi wake mkuu alikuwa Kardinali Malula, aliyefariki mwaka uliofuata. Kwa kitabu hicho mababu wema wakatajwa pamoja na watakatifu, na watu wakaruhusiwa kucheza kwa heshima mbele ya altare. Misa ikabaki Misa. Mwili ni ule ule, nguo ikawa ya kwetu. Mabadiliko hayo yalichukua saburi, barua nyingi, na masikio ya kusikiliza. Lakini yalipokuja, hayakumtoa mtu nje.

Kwa hiyo tuna neno kwa pande zote mbili za kwaya ile, na kwa kila kwaya, chama na jamaa yenye ugonjwa huo.

Kwenu wazee: mnasema vijana wameondoka na sauti nyembamba. Je, kabla hawajaondoka, mliwapa hata wimbo mmoja waongoze? Zaïko iliishi kwa sababu kila alipoondoka mtu, alitafutwa mtoto mwingine akafundishwa. Daftari la nyimbo likifungiwa sandukuni, mchwa ndio watakaojifunza.

Kwenu vijana: Papa Wemba, kabla ya kuvaa mavazi ya fahari, alikuwa mtoto wa Sankuru, kusini kwetu. Mama yake alikuwa mwombolezaji aliyeitwa kwenye matanga kuwalilia wafu kwa nyimbo, naye mtoto alimfuata na kujifunza hapo. Aliimba mpaka saa ya mwisho. Alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016. Mtu huyo alijenga nyumba yake mwenyewe, lakini hakukana kwamba sauti yake ilitoka kwa mama. Ninyi nanyi, nani aliwafundisha sauti hizo mnazojivunia? Ni yule mzee mnayemwita mkaidi, uani kwa yule mama aliyezikwa kimya. Rudisheni gitaa likahesabiwe mbele ya halmashauri ya parokia, kwa kuwa lilinunuliwa kwa sadaka za wote; kisha ombeni mnalotaka mkiwa na mikono mitupu.

Hatusemi kwamba kila wimbo wa okestra hizo wafaa masikio ya watoto. Mwenye kuokota kuni huacha zilizooza. Tumetwaa ile inayowaka vizuri: kwamba nyumba hudumu miaka hamsini si kwa sababu hapana aliyetoka, bali kwa sababu aliyebaki alifundisha, na aliyerudi alikuta mlango umerudishwa tu, haukutiwa komeo.

Siku ya arobaini inakaribia. Padre amekwisha kutangaza Misa ya kumwombea marehemu, na wimbo alioupenda ni wa sauti nne: mbili ziko kwa wazee, mbili ziko kwa vijana. Hauwezi kuimbwa na upande mmoja. Sisi tutakuwapo, Mungu akipenda, tumeketi benchi la nyuma, tukisikiliza ni nani atakayeanza.