Nani Amekufa?

Ndugu msomaji, mwaka jana nilibisha hodi katika nyumba moja pale Itigi, mkoani Singida, nikiwa na kikapu mkononi na furaha moyoni, na badala ya kukaribishwa nikaulizwa swali ambalo hadi leo halijanitoka masikioni. Aliyeniuliza ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mama wa makamo ya bibi sasa. Alikuwa ameketi barazani akimenya karanga. Aliposikia sauti yangu aliuachia ungo, karanga zikamwagika, naye akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

"Marahaba, baba. Sema upesi. Nani amekufa?"

Huniita baba kwa kuwa nimerithi jina la babu yetu. Ilinichukua muda kumtuliza. Nilimwambia kuwa hakuna aliyekufa, kwamba mke wangu ni mzima na watoto ni wazima, nami nimekuja kumjulia hali tu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kwa sauti ya mtu asiyesadiki: "Kutoka Dar es Salaam yote hiyo, kuja kunijulia hali tu?"

Hapo ndipo aibu iliponishika. Nilipojaribu kuhesabu safari nilizokwenda Itigi tangu nilipoanza kazi, niliona kuwa zote zilikuwa za maziko. Nilikwenda kumzika mume wake, nikaenda kumzika binti yake, na nilikwenda siku tulipomrudisha baba kulala kando ya wazee wake. Kwa shangazi, sura yangu ilikuwa imekwisha kuwa tangazo la kifo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1983, nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, baba alinichukua kwenda huko kwa mara ya kwanza. Yeye alikuwa kuli wa bandarini, na likizo yake aliihesabu kama mkulima anavyohesabu siku za mvua. Wiki nzima kabla ya safari nyumba yetu iligeuka ghala. Bidhaa zilikuwa adimu miaka ile, hivyo kila mche wa sabuni na kila ratili ya sukari iliyopatikana kwa kupanga foleni ilitiwa katika kikapu cha shangazi. Majirani nao walileta barua na vifurushi vya jamaa zao walioko njiani, kwa kuwa mtu aliyesafiri alisafiri kwa niaba ya mtaa mzima.

Tulipanda gari moshi jioni, daraja la tatu. Wale mnaoijua Reli ya Kati mnakumbuka mwendo wake. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikagusa ziwa pale Kigoma. Sisi abiria wa daraja la tatu tulikuwa kama tunaoijenga upya, kwa jinsi tulivyokwenda polepole. Giza lilitukuta tukipita vilima vya Pugu. Usiku tuliipita Morogoro, tukapita Kilosa, tukaingia katika bonde la mto Mkondoa ambao hadi miaka ya karibuni umekuwa ukifurika na kuing'oa njia. Wakubwa waliposikia kuwa tumevuka salama walishusha pumzi, nami nikapata usingizi juu ya mzigo wa mtu nisiyemjua.

Asubuhi tulikuwa Dodoma. Baada ya hapo kila stesheni ilikuwa na soko lake. Bahi waliuza samaki, na Saranda walileta kuku wa kuchemsha hadi madirishani, mchuuzi akikimbia sambamba na behewa ili apate chenji yake kabla gari halijamshinda. Kisha gari likaanza kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, likihema kama mzee mwenye pumu. Alasiri tulishuka Itigi, tumejaa vumbi, tunanuka moshi, na shangazi alikuwa amesimama pale stesheni tangu asubuhi. Hakuuliza nani amekufa. Alipiga vigelegele.

Tulikaa siku kumi na nne. Mume wa shangazi alikuwa katika genge la kutengeneza njia ya reli, na alinifundisha kusikiliza gari linalokuja kwa kuweka sikio juu ya chuma, jambo ambalo sasa namkataza kila mtoto kulifanya. Nilikula asali ya vichaka vya Itigi mpaka tumbo likakataa. Nilioneshwa makaburi ya wazee, nikatajiwa majina yao mmoja mmoja. Kwa siku zote hizo hakuna jambo lolote kubwa lililotokea, na sasa ninajua kuwa hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa.

Sasa, ndugu msomaji, tulinganishe na safari ya leo. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, ambayo wengi huiita ya mwendokasi, ilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na tarehe 25 Julai mwaka huo huo ikafika Dodoma. Mwendo wake hufikia kilomita 160 kwa saa. Nauli ya daraja la kawaida hadi Dodoma iliyotangazwa mwaka ule ilikuwa shilingi 31,000. Niliondoka Dar es Salaam alfajiri, na kabla chai niliyokunywa nyumbani haijanitoka vizuri nilikuwa Dodoma. Hapo nikapanda basi linalopita Manyoni kwa barabara ya lami, na jua lilikuwa bado juu nilipofika Itigi. Safari iliyokuwa ikimla baba usiku mzima na sehemu kubwa ya mchana wa pili, mimi nilikuwa nimeimaliza kabla ya magharibi.

Sitaki mtu anielewe vibaya akadhani ninalilia vumbi na moshi. Yeyote aliyewahi kusimama katika behewa lililojaa, mtoto mgongoni, tangu Dar es Salaam hadi Kilosa, hawezi kuililia safari ile. Jambo linalonishangaza ni jingine. Baba alikuwa na njia ndefu na mshahara mdogo, lakini alikwenda. Sisi njia imefupishwa, na hatuendi. Umbali haukuwa kilomita hata siku moja.

Tuliyopata badala ya safari ni simu. Huduma ya M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008, na nyingine zikafuata, tulifurahi kwa haki kabisa. Mtoto aliyeko mjini aliweza kumpelekea mama yake pesa ya dawa bila kumsubiri msafiri mwaminifu. Nami nilikuwa mtoto mwema kwa kipimo hicho. Kila mwisho wa mwezi nilituma kitu, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana nilipiga simu. "U hali gani, shangazi?" "Mimi mzima, baba. Wewe je?" Tulizungumza mvua, tukazungumza watoto, nikakata simu nikiwa nimetua mzigo.

Sasa rudi nami pale barazani. Nimekwambia kuwa shangazi alishtuka aliposikia sauti yangu. Nilikuwa nimesimama mbele yake, hatua tatu, mchana kweupe, naye aligeuza uso upande wangu kama mtu anayetafuta redio inakolilia. Nilipoinama kuziokota karanga niliona kuwa mikono yake inapapasa sakafu mahali ambapo hakukuwa na kitu. Nikanyanyua vidole viwili mbele ya uso wake. Hakusema neno. Shangazi alikuwa haoni.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema ni kama miaka miwili, kwanza kama ukungu wa asubuhi, kisha kama pazia. Miaka miwili! Hizo ni Jumapili zaidi ya mia moja ambazo aliniambia yeye ni mzima, nami nikaamini. Nikamuuliza, karibu kwa hasira, kwa nini hakunieleza.

"Ningekueleza ili iweje?" akajibu. "Ungetuma pesa. Pesa ingefika. Nami ningepelekwa hospitali na nani?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku zote nilidhani usemi ule wahusu vita na maadui. Kumbe wahusu pia hela tunazotuma.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Ilionekana ni mtoto wa jicho, yaani lenzi ya ndani ya jicho kuingia ukungu, jambo linalowapata wazee wengi. Dawa yake si matone wala majani ya kukamulia machoni, bali ni upasuaji mfupi wa kuiondoa lenzi ile na kuweka ya bandia. Tulipangiwa siku, akapasuliwa jicho moja, na bandeji ilipofunguliwa alinitazama kwa muda mrefu. "Umezeeka, baba," akasema. Tukacheka wote wawili, ingawa kicheko changu kilikuwa na machozi ndani yake. Alikuwa amekaa gizani miaka miwili kwa ajili ya kitu kilichotengenezeka, na kilichokosekana ni mtu wa kumshika mkono tu.

Tangu hapo nimekuwa nikiitazama kwa jicho jingine desturi yetu sisi watu wa mijini. Mtu anapofariki kijijini, hatushindwi. Simu zinalia usiku, kamati inaundwa kabla ya mapambazuko, mwekahazina anachaguliwa, daftari la michango linafunguliwa, na gari la kukodi linajaa watu na sufuria. Mwajiri anaombwa ruhusa, naye anatoa. Katika siku mbili tunaweza kukusanya fedha ambazo marehemu hakupata kuziona kwa mwaka mzima wa ugonjwa wake. Simlaumu mtu anayezika ndugu yake kwa heshima. Kuzikana ni utu wetu, na jamii isiyozikana imekwisha kufa. Ninauliza tu kwa nini nguvu hiyo hulala mpaka iamshwe na kilio.

Wengi watanijibu kuwa hakuna nafasi kazini. Hebu tuitazame sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mfanyakazi siku zisizopungua nne za likizo yenye malipo anapofiwa na mume au mke, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Shangazi hamo katika orodha hiyo, ingawa kwa mila zetu yeye ni baba wa kike. Lakini sheria hiyo hiyo ilimpa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka. Angalia hesabu hiyo: siku nne za kuwalilia waliokufa, na siku 28 ambazo zingeweza kuwa za walio hai. Zile nne twazitumia mpaka dakika ya mwisho, na huongeza nyingine kwa kuomba. Zile 28, mimi mwenyewe, kwa miaka mingi nilizimaliza kwa kupaka rangi ukuta, kufuatilia kiwanja, na kulala.

Nakiri kuwa si kila mtu ana mkataba wala likizo. Mama anayekaanga maandazi alfajiri akifunga jiko siku tatu, watoto wake watalala njaa ya siku tatu. Kijana wa bodaboda ana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki kila jioni. Kwa hao nauli ni mzigo wa kweli, na mtu asiwahubirie. Hata hivyo nimeona katika mtaa wetu ndugu watano wakifanya jambo la busara: wanachangia kidogo kidogo kila mwezi, kama wanavyochangia msiba, na kila baada ya miezi michache mmoja wao anakwenda kijijini kwa niaba ya wote. Anakaa siku mbili. Anapanda kitanda, anaona paa linavuja, anatazama ghala lina nini, anamtazama mama anavyotembea. Akirudi anatoa taarifa. Huo ni mchango wa msiba uliotangulia msiba, na huenda ukauahirisha.

Ukienda, nakuomba usiende kama mkaguzi. Usifike asubuhi ukaondoka jioni huku gari likinguruma nje. Kaa mpaka mwenyeji wako achoke kujifanya mzima. Siku ya kwanza kila mzee ni mzima. Ukweli huanza siku ya pili, mnapochambua mboga pamoja na mazungumzo yamekwisha. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, sidhani kama walifikiria zawadi tu zilizomo kikapuni.

Mwezi wa Desemba nilirudi Itigi, safari hii pamoja na mama watoto na watoto wote. Tulipokaribia nyumba niliwaambia watoto wabishe wao hodi. Shangazi alikuwa ndani, jikoni. Nilisubiri nje, moyo ukinidunda kama wa mwanafunzi anayengoja majibu ya mtihani, kwa kuwa nilijua swali lake la kwanza ndilo litakalonipa matokeo yangu.

Alitokeza mlangoni na mwiko mkononi, akakinga jua kwa kiganja, akawahesabu kwa jicho lake moja jipya.

"Mmekuja wangapi?" akauliza. "Nijue nisonge ugali wa kiasi gani."