Kocha Apewe Muda, Viongozi Nao Waulizwe

Kila unapokaribia msimu mpya wa ligi, mazungumzo ya vijiweni, na hata yale ya nje ya kanisa baada ya Misa, hurudi kwenye swali moja: je, kocha huyu atadumu? Ikiwa timu imetoka katika msimu mbaya, kocha huanza kazi akiwa tayari ni mshtakiwa. Mechi haijachezwa, lakini hukumu imekwisha kuandikwa. Sisi tulioko Nalasi tu mbali na Dar es Salaam, ila Simba na Yanga wamegawana nyumba zetu, na sauti zetu zimo katika kelele zinazomwondoa mtu kazini. Hatuna budi basi kujiuliza kama kelele hizo zina haki.

Tuitazame Simba. Ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo hadi msimu wa 2020/21. Oktoba 2021 ikatolewa na Jwaneng Galaxy ya Botswana katika Ligi ya Mabingwa Afrika, ikifungwa 3-1 nyumbani baada ya kushinda 2-0 ugenini. Didier Gomes, aliyeipa ubingwa miezi michache tu nyuma, akaondoka. Wakafuata Pablo Franco, Zoran Maki, Roberto Oliveira, Abdelhak Benchikha, Fadlu Davids na Dimitar Pantev. Kufikia Desemba 2025 wote saba walikwisha kwenda, wengine kwa kuachishwa, wengine kwa hiari yao. Oliveira aliondolewa siku chache baada ya kipigo cha 5-1 kutoka kwa Yanga, Novemba 2023. Na kuanzia 2021/22 hadi 2024/25, misimu yote minne, ubingwa ulikwenda Jangwani. Miongoni mwa waliokuja baada ya Gomes, aliyepata msimu mzima ni Davids, naye ndiye aliyeifikisha timu katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Mei 2025.

Upande wa pili tunamwona Nasreddine Nabi, aliyefika Yanga Aprili 2021. Septemba mwaka ule timu yake ilitolewa mapema na Rivers United ya Nigeria katika Ligi ya Mabingwa, ikifungwa nyumbani na ugenini. Wengi walitaka aondoke. Viongozi walimwacha aendelee, na msimu huohuo wa 2021/22 Yanga ikawa bingwa bila kupoteza hata mchezo mmoja wa ligi.

Atasema mtu: mbona katika msimu wa 2024/25 Yanga ilipita mikononi mwa Miguel Gamondi, Sead Ramovic na Miloud Hamdi, na bado ikawa bingwa? Ni kweli, na hoja hiyo haifai kupuuzwa. Lakini tuipime vizuri. Ikiwa makocha watatu wanaweza kupokezana kikosi kimoja na kikashinda, basi nguvu ya kikosi hicho ilijengwa kabla yao, kwa usajili na uongozi wa miaka kadhaa. Kwa kipimo hichohicho, timu inayoanguka chini ya makocha wengi inatuambia kwamba kasoro yake haiko kwa kocha peke yake.

Sisi watu wa korosho twalijua jambo hili. Mkorosho hauzai mwaka uliopandwa. Humsubirisha mkulima miaka mitatu na zaidi. Mwenye shamba ambaye kila mwaka hung'oa miche na kupanda mingine hatavuna kamwe, hata awe na mbegu bora kupita jirani zake.

Hatusemi kocha asiulizwe. La hasha! Kazi yake ina mshahara na ina wajibu, na anayeshindwa kwa uzembe astahili kuondoka. Tunalosema ni kwamba maswali yaanzie panapostahili. Nani aliwachagua wachezaji? Mishahara yao ililipwa kwa wakati? Kocha aliahidiwa nini alipoajiriwa, na aliambiwa apewe muda gani? Maswali hayo ni ya viongozi, nao huwa wamekaa kimya wakati kocha mmoja akibeba lawama za nyumba nzima.

Kwa hiyo ligi itakapoanza, na timu yetu ikafungwa mechi ya kwanza, tuizuie midomo yetu walau kidogo. Kocha naye ni mfanyakazi mwenye watoto, kama sisi.