Acheni Kuambia Watu Wafute XAMPP

Wacha niseme hii, na mkitaka mnitusi kwa komenti: "futa XAMPP uweke upya" ndio ushauri mbaya kuliko wote ambao msee anayejifunza kutengeneza tovuti anaweza kupewa. Na wanaoutoa si wageni. Ni wale wenye miaka minne kwa kazi, wale tunaowaita maseniori.

Unajua vile huenda. Mtu amechoka kuandika localhost/duka/public kila saa. Anasikia kwamba kila kazi yake inaweza kuwa na jina lake hapo kwa laptopu, kwa mfano duka.test. Hiyo ndiyo hosti pepe, kwa faili za Apache utaiona imeandikwa VirtualHost: seva moja inabeba tovuti nyingi, na kila moja inaitwa kwa jina. Anafuata video, anabandika mistari saba, anafungua brauza. Haifunguki. Anauliza seniori. Jibu linakuja kwa sekunde tatu: "Futa yote uanze upya, buda."

Sasa, kwa Windows, databesi zote za MySQL ya XAMPP zinakaa C:\xampp\mysql\data. Ndani ya folda hiyo hiyo unayoambiwa ufute! Namjua dem wa mwaka wa nne aliyetii ushauri huo wiki tatu kabla ya kuwasilisha mradi wake. Meza zote zilienda: wateja, bidhaa, oda, miezi ya kazi. Alikuwa na faili za PHP, lakini hakuwa ametoa nakala ya databesi, na hakuna aliyemwambia aitoe kwanza. Alinunua data akapakua XAMPP tena, akaweka, akafungua duka.test. Bado haikufunguka. Kwani ingefunguka vipi? Shida haikuwa ndani ya XAMPP.

Hapo ndipo hasira yangu iko. Hosti pepe ina sehemu mbili tu, na ziko mahali tofauti. Ya kwanza ni jina: nani anaiambia kompyuta kwamba duka.test ni mashine hii yenyewe, yaani 127.0.0.1? Ni faili inayoitwa hosts, na iko kwa Windows, C:\Windows\System32\drivers\etc. Kwa Linux na Mac ni /etc/hosts. Ya pili ni Apache: jina likishafika, nani anajua folda ya kufungua? Hiyo ni httpd-vhosts.conf, iko ndani ya XAMPP. Ukifuta XAMPP mara kumi, faili ya hosts haijali. Huyo dem alikuwa ameihifadhi kwa Notepad ikawa hosts.txt. Herufi tatu na nukta. Faili hiyo haina mkia wowote, na lazima ufungue Notepad kama msimamizi ndio ikubali kuandikwa.

Na brauza ilikuwa imemwambia! Chrome ikikuandikia DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, jina halijulikani, nenda kwa hosts, wacha Apache ipumzike. Ikikuandikia ERR_CONNECTION_REFUSED, jina limepatikana lakini hakuna anayefungua mlango: Apache imezima ama iko kwa poti nyingine. Ikikupa 403, Apache iko macho kabisa, imekukataza tu. Hizo ni shida tatu tofauti, na nyinyi mnazipa dawa moja kama muuza dawa wa stendi.

Mtaniambia, "Lakini mimi nilifuta na ikakubali." Najua. Na najua kwa nini. Ukishaandika hosti pepe moja, halafu ufungue localhost, mara nyingi unakuta localhost imepotea, inakuonyesha duka lako. Watu huingiwa na hofu hapo. Lakini Apache imefanya vile imeagizwa: ikiletewa jina ambalo halimo kwa hosti yoyote, inampa mgeni hosti ya kwanza kwa orodha. Dawa ni kuandika hosti ya localhost juu, ielekee htdocs, halafu zako zifuate. Ukifuta XAMPP, unarudishiwa faili ya mwanzo na localhost inarudi. Unafikiri umetengeneza kitu, kumbe umefuta kazi yako mwenyewe, na ukiiandika tena Jumatatu utakuwa hapo hapo.

Upande wa pili pia upo: duka.test inafunguka lakini inaleta ule ukurasa wa karibu wa XAMPP. Basi jina liko sawa, na Apache haijasoma hosti yako. Uliizima ukaiwasha baada ya kuandika? Mstari wa Include wa httpd-vhosts.conf, ndani ya httpd.conf, una alama ya # mbele? ServerName imeandikwa vile vile kama kwa hosts? Si lazima ukisie. Kuna amri, httpd -S, iko kwa folda ya apache\bin, inakuorodheshea hosti zote ambazo Apache inazijua na mstari ambao kila moja imeandikwa. Na httpd -t inakuambia kama umekosea kuandika, na wapi. Sijawahi kusikia seniori mmoja akimwambia mgeni aandike httpd -t. Hata mmoja.

Hao wenye video nao nisiwaache. Bado kuna wanaofundisha watu kutumia .dev kwa laptopu. Manze, .dev ni ya Google, ni anwani halisi huko nje, na tangu Chrome 63 mwishoni mwa 2017 brauza inailazimisha iende HTTPS. Mtoto wa watu anakesha akitafuta kosa ambalo hana. Jina .test lilitengewa majaribio tangu 1999, litumie hilo.  Wengine bado wanabandika "Order allow,deny", uandishi wa Apache 2.2. Apache 2.4 ilitoka 2012, na folda iliyo nje ya htdocs inataka "Require all granted", ndio maana unaona 403.

"Si mtu atumie Laragon tu, inajifanyia." Sawa, atumie, sina ubaya nayo. Inakuandikia hosti pepe yenyewe, na inaandika kwa faili ile ile ya hosts. Siku antivirusi itakapoizuia kuandika, utamwambia afute Laragon pia?

Huyo dem alipita, kwa njia, ila mradi aliowasilisha ulikuwa nusu ya ule aliokuwa nao. Seniori wake bado anatoa ushauri. Kwa hivyo ukikutana naye akikuambia ufute, muulize kwanza: httpd -S imesema nini?