Majeruhi wa Tumbo Asingoje Karatasi

Katika ajali za barabarani, macho ya watu huvutwa na majeraha yanayoonekana: mfupa uliovunjika, ngozi iliyochanika. Majeruhi aliyeketi kando ya njia akishika tumbo huambiwa amenusurika. Hiyo ni dhana potofu, nayo imewaponza wengi. Usukani wa bodaboda, au mkanda wa gari uliofungwa juu ya kitovu badala ya nyonga, waweza kupasua mishipa ya damu tumboni bila kuacha alama ila mchubuko mdogo.

Mwili wa mtu mzima una damu ipatayo lita 5, na tumbo laweza kumeza sehemu kubwa yake kabla halijafura. Kijana mwenye afya aweza kupoteza karibu theluthi moja ndipo kipimo cha shinikizo la damu kishuke. Kwa hiyo kipimo kizuri kisimlaghai mhudumu. Mapigo ya moyo kwenda mbio, jasho baridi, kiu na wasiwasi ndizo dalili za mapema. Mtu wa namna hiyo apimwe kwa ultrasaundi pale pale alipolazwa. Na hali yake ikiporomoka, hapana budi apasuliwe ili mshipa ubanwe, kisha ushonwe au ufungwe. Kumjaza maji ya dripu chupa baada ya chupa si tiba, kwani maji huizimua damu ikashindwa kuganda. Dawa ya traneksamiki asidi, ambayo utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulithibitisha kuwa hupunguza vifo, hufaa ikitolewa katika saa 3 za kwanza tangu ajali.

Je, saa hizo 3 hutumikaje? Zipo nyakati ambapo jamaa za majeruhi hutumwa kituo cha polisi kutafuta PF3, naye akiachwa kwenye benchi. Karatasi hiyo ina kazi yake mahakamani, wala hakuna anayeibeza. Lakini yaweza kujazwa mgonjwa akiwa tayari kitandani, na askari ndiye anayepaswa kumfuata wodini. Waganga wakuu wa wilaya hawana sababu ya kulifumbia macho jambo hili.

Hata mpasuaji hodari hawezi kitu jokofu la damu likiwa tupu. Mwanamume mwenye afya aweza kuchangia damu kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Vijiwe vya bodaboda, ambavyo ndivyo vyenye majeruhi wengi, vingefaa kuwa vya kwanza kujiandikisha.